Uzi: Kuchagua darubini nzuri ya mtumba kwa bajeti ndogo, kwa walioko Kigoma na Tabora

Mwenyeji wa Kibirizi:

Ndugu zangu, salamu kutoka Kigoma. Vijana wengi wa huku wanaojiandaa kwa kazi ya kuongoza wageni Gombe na Mahale, pamoja na wapenzi wa ndege wa Tabora wanaoingia Ugalla, wamekuwa wakiuliza wanunue darubini gani ya mtumba wakiwa na laki moja au laki moja na nusu mkononi. Swali hili linastahili jibu la kirefu, kwa sababu fedha hiyo ikitumika kwa utulivu inaweza kukupatia chombo cha kukutumikia miaka mingi, na ikitumika kwa haraka itaishia kwenye kitu kitakachokuumiza kichwa kabla hujamaliza kumtazama ndege wa kwanza. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: tafuta darubini ya zamani, ya umbo la kawaida, yenye ukuzaji wa mara 7 au 8, ambayo vioo vyake ni vizima na mirija yake miwili inatazama mahali pamoja. Namba kubwa achana nazo.

Namba ndizo zinazowapoteza wengi. Ukikuta imeandikwa 8x30, namba ya kwanza inaeleza kitu kinakuzwa mara ngapi, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukiigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la mwanga linalotoka upande wa jicho. Kwa hesabu hiyo 8x30 inatoa karibu milimita 3.8, 7x35 inatoa 5, 7x50 inazidi 7 kidogo, na ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 inatoa 2.5 tu. Mboni ya jicho wakati wa mchana hufunguka kati ya milimita 2 na 4. Gizani mboni ya kijana inaweza kufika 7, lakini ya mtu wa makamo mara nyingi huishia kwenye 5. Maana yake ni kwamba mtu anayetembea mchana msituni anatosheka na 8x30, wakati anayekaa kwenye boti alfajiri, wavuvi wa dagaa wanaporudi na taa zao, ataona faida halisi ya 7x50. Tatizo la 7x50 ni uzito, kwa sababu nyingi zinakaribia kilo moja, na kupanda nayo miteremko ya Gombe ikiwa shingoni kutwa nzima si jambo la mzaha.

Ukuzaji mkubwa una gharama ambazo muuzaji hakuelezi. Mtetemo wa mkono wako unakuzwa sawasawa na picha, na ndiyo maana kwa watu wengi mara 10 ndio mpaka wa kushika kwa mkono. Kuanzia mara 12 kwenda juu unahitaji stendi. Eneo linaloonekana nalo linabanwa. Darubini nzuri ya zamani ya 8x30 inaweza kukuonyesha upana wa mita 150 kwenye umbali wa mita 1000, na upana huo ndio unaokuwezesha kumpata sokwe aliyepita kati ya matawi kabla hajapotea upande wa pili wa bonde. Vilevile, wakati wa kiangazi, moshi wa mioto ya porini unapotanda juu ya ziwa hadi milima ya Kongo isionekane, ukuzaji mkubwa hauutoboi moshi huo: unaukuza pamoja na kila kitu kingine. Zile za kuvuta karibu na kusogeza mbali, zilizoandikwa 10-30x60 na mfano wake, ziacheni hapo hapo mezani. Zina vioo vingi vinavyotembea ndani, eneo lake la kuona ni finyu, na mirija yake hupishana kwa urahisi.

Zipo pia namba za uongo kabisa. Chukua rula, ielekeze darubini kwenye ukuta mweupe au angani mbali na jua, ishike mbali na uso, kisha pima lile duara la mwanga kwenye lenzi ya jicho. Kama imeandikwa 20x50, duara linapaswa kuwa milimita 2.5. Ukipima ukakuta 5, basi hiyo ni darubini ya mara 10 iliyobandikwa namba ya kuuzia, na mtu aliyedanganya kwenye namba hana sababu ya kuwa mkweli kwenye vioo.

Kuhusu umbo, kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ile yenye mabega, ambayo lenzi za mbele zimeachana zaidi kuliko za jicho. Ndani yake kuna prizimu za Porro, yaani vipande vya kioo vinavyoigeuza picha isionekane juu chini, zilizopewa jina la Mwitaliano Ignazio Porro aliyepata hataza yake mwaka 1854. Ya pili ni ile iliyonyooka kama mirija miwili iliyolala sambamba. Hii ya pili inapendeza na ni nyepesi kubeba, lakini prizimu zake ni ngumu kutengeneza, na nyingi zinahitaji tabaka la kioo cha kujitazamia pamoja na tabaka jingine la kurekebisha mawimbi ya mwanga ili picha iwe kali. Tabaka hilo la pili lilianza kuwekwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwenye darubini za bei nafuu lilichelewa zaidi. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, yenye mabega itakupa picha bora kuliko iliyonyooka ya bei ileile. Hili nalisema bila kusita.

Majina ninayoweza kuyapendekeza kwa mitumba ni Olympus 8x40 na 10x50 za mfululizo wa DPS, Nikon Action za 7x35 na 8x40, na zile za Ujerumani Mashariki zilizotoka Jena, yaani Jenoptem na Deltrintem za 8x30. Za Kisovieti za 8x30 na 7x50 nazo ni imara mno. Picha yake huwa na umanjano kidogo, jambo ambalo wengine hawalipendi, lakini baada ya muda jicho huzoea. Zipo pia za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970 zenye majina ya maduka yasiyojulikana. Hizo zisidharauliwe. Tazama kwenye chuma cha katikati kama kuna herufi JB na namba, ambayo ni alama ya kiwanda cha Japani kilichotengeneza mwili wake, kisha uihukumu kwa macho yako.

Sasa ukaguzi wenyewe. Usikague ndani ya duka. Mwombe muuzaji mtoke nje penye mwanga, na kama hataki, mshukuru uondoke.

Kwanza tazama rangi inayorudishwa na lenzi ya mbele. Kila uso wa kioo usio na tabaka la kuzuia mwako hupoteza takriban asilimia 4 ya mwanga, na darubini ya kawaida ina nyuso kama kumi ndani ya kila mrija, kwa hiyo bila tabaka theluthi nzima ya mwanga inaishia njiani. Mwako wa buluu hafifu au zambarau unaonyesha tabaka moja. Wa kijani iliyokolea mara nyingi ni wa matabaka kadhaa. Mweupe kama wa dirisha maana yake hakuna kitu. Mwekundu unaong'aa kama taa ya nyuma ya gari ndio wa kuukimbia, kwa sababu lenzi hiyo inaurudisha nje mwanga mwekundu ambao ulitakiwa ufike kwenye jicho lako.

Pili, washa tochi ya simu, iweke kwenye lenzi ya jicho, uchungulie kupitia lenzi ya mbele. Vumbi kidogo halina madhara. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi ni kuvu. Utando wa kijivu uliosambaa sawasawa ni mvuke wa grisi ya zamani. Mabaka yenye rangi za upinde wa mvua pembezoni yanaonyesha gundi ya lenzi imeachia. Kovu kwenye lenzi ya jicho ni baya kuliko kovu la ukubwa huohuo kwenye lenzi ya mbele.

Tatu, na hapa ndipo ninapowaomba mkae muda mrefu kuliko kwingine, kagua kama mirija miwili inatazama mahali pamoja. Tafuta mstari ulionyooka ulio mbali, mfano ukingo wa paa la bati au waya wa umeme. Egemeza darubini ukutani, tazama kwa macho yote mawili, halafu urudishe kichwa nyuma taratibu kama sentimita 10 huku bado unaona maduara mawili. Mstari unapaswa kupita kwenye urefu uleule katika maduara yote mawili. Ukiwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, darubini hiyo ilianguka. Njia nyingine ni kufumba macho kwa muda, kisha kufumbua ghafla ukiwa unatazama: ukiona picha mbili zinazokimbiliana kuwa moja, ujue macho yako ndiyo yanayofanya kazi ya kurekebisha, na ujira wa kazi hiyo ni kichwa kuuma. Muuzaji atakwambia utazoea. Usikubali, hata bei ikishuka kwa nusu.

Mwisho, zungusha gurudumu la katikati kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha bonyeza daraja la lenzi za jicho, kile kipande kinachoziunganisha, kwa kidole ukiwa unatazama. Picha ikipotea na kurudi, daraja hilo limelegea. Bawaba inayokunja mirija miwili nayo ibaki pale ulipoiacha bila kujifunga yenyewe.

Fundi wa Saa Tabora:

Ndugu yangu umeeleza vizuri, nami naomba kuongeza upande wa ufundi, maana watu huniletea darubini baada ya kununua badala ya kabla.

Tazama nati na vichwa vya skrubu. Vikiwa vimekwaruzwa na bisibisi isiyofaa, ujue kuna mtu alifungua, na mara nyingi aliyefungua alisogeza prizimu. Prizimu zinashikwa na vibano na skrubu ndogo sana, na ikisogea hata kwa unene wa karatasi picha mbili zinaachana. Kuirudisha kunahitaji kifaa maalumu cha kupimia, na mimi sina, na mafundi wengi wa saa na kamera mikoani hawana. Ninaweza kusafisha lenzi, kubadilisha grisi iliyoganda na kukaza bawaba. Kunyoosha mirija siwezi kukuahidi, na anayekuahidi kwa elfu kumi mwombe akuonyeshe kifaa chake kwanza.

Kuhusu kuvu, inategemea iko wapi na imekaa muda gani. Ikiwa changa juu ya uso wa lenzi inafutika. Ikizeeka, asidi yake inakula tabaka na hatimaye kioo chenyewe, na alama haziondoki tena. Watu wa ukanda wa ziwa wawe waangalifu zaidi kuliko sisi wa Tabora, kwa sababu unyevu ndio chakula chake. Mkoba wa ngozi wa zamani unaokuja na darubini, ukinusa ukakuta harufu ya ukungu, usihifadhi darubini humo. Tumia boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka ndani vile vifuko vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na tafadhali, msifute lenzi kwa pindo la shati. Peperusha vumbi kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini cha miwani.

Mzee wa Ugalla:

Vijana, nimesoma. Ninakubaliana na mengi, ila la kuikataa mara 10 silipokei lote. Mwenzetu anaongea kama mtu wa msituni Gombe, ambako mnyama yuko karibu na miti imefunga. Huku kwetu kwenye mbuga za mafuriko kando ya mto Ugalla, na vilevile kwenye ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ndege anaweza kuwa ng'ambo ya maji na huna njia ya kumsogelea. Hapo tofauti ya mara 8 na mara 10 ndiyo tofauti ya kuuona mdomo wake au kutouona. Mimi ninatumia 10x50, ninaegemeza viwiko kwenye magoti au kwenye mlango wa gari, na picha inatulia.

Mwenyeji wa Kibirizi:

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ina uzito na ninaipokea kwa mahali ulipopataja. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, ni pana kiasi kwamba kanuni za msituni hazitoshi. Kwa mtu anayekaa mahali pamoja akiwa na pa kuegemea, 10x50 yenye mabega ni chaguo la haki, na duara lake la milimita 5 linatosha hata jioni. Ninachosisitiza ni kwamba anayenunua darubini moja tu kwa kazi zote, na anayetembea kwa miguu, aanze na 7 au 8. Pia kasoro ya mirija kupishana husumbua zaidi kadiri ukuzaji unavyoongezeka, kwa hiyo mwenye 10x50 ya mtumba anatakiwa awe mkali mara mbili kwenye ukaguzi.

Mwalimu wa Kidato:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu hapa Tabora, nina klabu ya wanafunzi ya mazingira, na ninavaa miwani. Kila darubini ya zamani niliyojaribu inanionyesha kitundu kidogo katikati, na nikivua miwani naona vizuri. Je, nitafute aina gani? Na wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wana nyuso ndogo, wengine wanalalamika kuwa wanaona maduara mawili yaliyoachana.

Mwenyeji wa Kibirizi:

Marahaba dada yangu. Kitundu hicho kinatokana na umbali ambao jicho linapaswa kukaa kutoka kwenye lenzi. Darubini nyingi za zamani za 8x30 zilitengenezwa kwa jicho lisilo na miwani, na umbali wake ni mfupi. Mwenye miwani anahitaji kama milimita 15 au zaidi. Jaribu kukunja kwa nje ile mipira inayozunguka lenzi za jicho, na kama ni ya plastiki ngumu angalia kama inafunguka kwa kuzungushwa. Ikiwa miwani yako ni ya kuona mbali tu au karibu tu, ivue, kwa sababu gurudumu la katikati linafidia tofauti hiyo. Ikiwa ina marekebisho ya astigimatizimu, yaani kasoro ya jicho lisilopinda sawasawa pande zote, gurudumu haliwezi kuyafidia, na hapo itakubidi utafute ya karibuni zaidi iliyotengenezwa kwa wavaa miwani, hata kama ni ya kusubiri.

Kuhusu wanafunzi, kunja bawaba hadi mwisho na upime kwa rula umbali kati ya katikati ya lenzi moja ya jicho na nyingine. Ikishuka hadi milimita 56 hivi watoto wengi wataiweza. Ikigomea kwenye 60, wenye nyuso ndogo hawatapata picha moja, na wala si kosa lao.

Kijana wa Mwanga:

Habari za jioni kaka. Nipo Mwanga hapa Kigoma, ninajiandaa kuomba kazi ya kuongoza wageni. Nimepata mbili kwa muuzaji mmoja. Ya kwanza ni 7x35 ya Kijapani yenye alama ya JB, mwili umechubuka rangi, ndani kuna vumbi na nukta moja ya kuvu pembeni mwa lenzi ya mbele ya kushoto. Mstari wa bati unakaa sawa pande zote nilipofanya kama ulivyoeleza. Ya pili ni nyeusi inayong'aa, imeandikwa 20x50, mwako wake mwekundu, na nilipopima kwa rula duara lilikuwa karibu milimita 5. Anataka elfu themanini kwa ya kwanza na laki na ishirini kwa ya pili. Tatizo ni kwamba kwenye ile 7x35 jicho la kulia linaona ukungu hata nikizungusha gurudumu. Je, hilo ni bovu?

Mwenyeji wa Kibirizi:

Mdogo wangu, umekagua vizuri kuliko wengi. Ya pili umeshaihukumu mwenyewe kwa rula.

Kuhusu ya kwanza, kabla hujasema ni mbovu, tazama lenzi ya jicho ya kulia. Kuna pete inayozunguka peke yake, yenye alama ya jumlisha na kutoa. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote mawili yakiwa wazi, lenga kibao chenye maandishi kilicho mbali, uzungushe gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lisome vizuri. Kisha usiliguse tena gurudumu. Funika ya kushoto, uzungushe ile pete ya kulia hadi jicho la kulia lisome kibao kilekile. Kama pete imekamata kwa grisi iliyoganda, usiilazimishe kwa koleo. Hiyo ni kazi ambayo fundi wetu wa Tabora amesema anaiweza, na ni sababu nzuri ya kumwomba muuzaji apunguze. Kama inazunguka lakini ukungu hauondoki popote unapoifikisha, kasoro iko ndani, iache.

Ile nukta ya kuvu iliyo pembeni haitaonekana kwenye picha, lakini mpe fundi aisafishe mapema kabla masika hayajaanza.

Kijana wa Mwanga:

Kaka, pete ilikuwa ngumu ila imezunguka kwa mkono bila kulazimisha. Sasa ninasoma maandishi ya kibao kwa macho yote mawili, na nimeitazama kwa muda mrefu bila kichwa kuuma. Tumekubaliana elfu sitini na tano kwa sababu ya kuvu na mkanda uliokatika. Ninashukuru sana.

Mwenyeji wa Kibirizi:

Bei nzuri. Nunua mkanda mpana, ule mwembamba wa zamani unakata shingo. Pete ya kulia ukishaipata mahali pake, iwekee nukta ndogo ya rangi ya kucha, ili mgeni akiiazima na kuizungusha uirudishe bila kuanza upya.